Kaa Koko na Kaa wa Mito Yetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Uganda

Wanaouliza kuhusu kaa huku kwetu ni wa namna tatu: wenye mabwawa ya samaki wanaotafuta biashara mpya, wanafunzi wa biolojia, na watu waliokula kaa Mombasa au Unguja wakarudi wakishangaa mbona hapa hawapatikani. Majibu haya ni yao wote.

Kaa koko ni kaa gani hasa?

Ni yule kaa mkubwa wa rangi ya kijani kibichi au kahawia ya tope, mwenye magando mazito, ambaye wavuvi wa pwani ya Kenya na Tanzania humtoa kwenye mashimo ya mikokoni maji yakikupwa. Wengine humwita kaa wa matope. Jina lake la kisayansi ni *Scylla serrata*. Gamba la mgongoni la dume aliyekomaa laweza kupita upana wa sentimita 20, na kilo mbili au tatu si porojo za wavuvi, ingawa wengi wanaofika sokoni ni wadogo kuliko hapo. Anapatikana kuanzia Afrika Kusini, pwani yote ya Afrika Mashariki, Bahari ya Shamu, hadi Australia, visiwa vya Pasifiki na kusini mwa Japani.

Yupo Uganda?

Hayupo. Si Ziwa Victoria, si Kyoga, si Albert, si Mto Nile. Atakayekuuzia "kaa koko wa Ziwa Victoria" anakuuzia kaa mwingine, au anakuuzia maneno.

Basi yule ninayemwona chini ya mawe mtoni, Mbale au Fort Portal, ni nani?

Huyo ni kaa wa maji baridi wa jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) ya *Potamonautes*, mwenyeji halisi wa Afrika. Na si mmoja. Kwenye vijito vya Mlima Elgon yupo *Potamonautes loveni*. Magharibi, kuzunguka Rwenzori, yupo *Potamonautes aloysiisabaudiae*, jina refu alilopewa mwaka 1906 kwa heshima ya Luigi Amedeo wa Savoia, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, aliyeongoza msafara wa kupanda Rwenzori mwaka huohuo. Ziwa Mutanda, kule Kisoro, limempa jina *Potamonautes mutandensis*. Mto Nile na Ziwa Victoria wana *Potamonautes niloticus*, anayejulikana kwa miiba ya kando ya gamba.

Wala hesabu haijafungwa. Mwaka 2017 wataalamu wa kaa Neil Cumberlidge na Paul Clark walieleza spishi tatu mpya kutoka eneo la Ziwa Victoria, kusini mwa Uganda na magharibi mwa Kenya, na mmoja wao anaitwa *Potamonautes entebbe*. Mji ambao kila msafiri wa ndege anaupitia ulikuwa na kaa asiye na jina hadi juzi tu. Kwa maoni yangu, hili lingestahili kutajwa darasani kabla ya kaa yeyote wa ng'ambo.

Kaa koko na kaa wa mtoni ni ndugu?

Ni ndugu wa mbali sana. Wote ni arthropoda, wanyama wa gamba la nje na miguu yenye viungo, wote ni krasteshia, kundi la kaa na kamba, wote wamo katika oda ya Decapoda, yaani wanyama wa miguu kumi, na wote ni Brachyura, kaa wa kweli ambao mkia umekunjwa kabisa chini ya tumbo. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kaa koko yumo katika familia ya Portunidae, kaa waogeleaji. Mtazame jozi yake ya mwisho ya miguu: imebapa kama kasia. Kaa wetu wa mtoni yumo katika familia ya Potamonautidae, na miguu yake yote minane ya kutembelea imechongoka. Haogelei, anatembea na kupanda.

Kwa mtu aliyeshika kaa mkononi, miguu hiyo ya nyuma ndiyo ya kutazama kwanza. Watu wengi hukimbilia kuhesabu miiba ya gamba wakapotea, maana *niloticus* naye ana miiba.

Kwa nini vitabu vingine vinasema kuna aina moja ya kaa koko na vingine vinasema nne?

Swali hili lina historia ndefu, na inafaa kuisikiliza yote kwa sababu ina athari kwa mfuko wa mtu.

Aliyemwandika kaa huyu kwanza kwa utaratibu wa kisayansi ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, aliyekwenda Bahari ya Shamu na Arabuni katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Forsskål alikufa kwa malaria huko Yemen mwaka 1763, akiwa na miaka 31. Carsten Niebuhr, aliyerudi nyumbani hai, ndiye aliyechapisha maandishi yake mwaka 1775, na humo ndimo kaa wetu alimoitwa *Cancer serratus*. Mwaka 1833 De Haan, mtaalamu wa Kiholanzi, akaunda jenasi ya *Scylla*.

Kisha ukaanza mvutano. Wavuvi wa Asia ya Kusini-Mashariki walikuwa wakijua siku zote kwamba kaa wao hawafanani: huyu hukaa shimoni, yule huzurura, huyu ana rangi hii, yule ile. Mwaka 1949 Estampador, akifanya kazi Ufilipino, aliwagawa katika spishi tatu na namna moja ya ziada. Mwaka 1960 Stephenson na Campbell, kutoka Australia, walipitia upya kaa hao wakaona tofauti hizo hazitoshi, wakawarudisha wote kwenye jina moja. Kwa karibu miaka arobaini, kila kaa wa matope kuanzia Durban hadi Manila akawa *Scylla serrata* kwenye maandishi.

Mwaka 1998 Keenan, Davie na Mann walimaliza ubishi. Walipima protini na vinasaba, wakavilinganisha na vipimo vya mwili, wakapata spishi nne: *Scylla serrata*, *Scylla tranquebarica*, *Scylla olivacea* na *Scylla paramamosain*. Wavuvi, kwa ufupi, walikuwa sahihi.

Athari yake ni hii. Ukikuta mtandaoni makala ya ufugaji au kitabu cha miaka ya 1980 kutoka Thailand kinachosema "*Scylla serrata* anafanya hivi," uwezekano mkubwa ni kwamba kinamzungumzia *olivacea* au mwingine. Maelezo ya wafugaji wa Vietnam ya siku hizi kwa kawaida yanamhusu *paramamosain*. Kiwango cha chumvi, kasi ya kukua, tabia ya kuchimba shimo, vyote vinatofautiana. Kaa koko wa pwani ya Afrika Mashariki ni *Scylla serrata* mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa Kampala anayepanga kushirikiana na jamaa zake wa Mombasa au Tanga asichukue mwongozo wa Asia na kuufuata neno kwa neno.

Nitamtofautishaje *serrata* na hao wengine watatu?

Tazama sehemu tatu. Kati ya macho, *serrata* ana meno manne marefu kiasi, wakati ya *olivacea* ni mafupi na butu. Kwenye kiungo cha gando kilicho nyuma ya kiganja, *serrata* ana miiba miwili iliyo dhahiri. *Olivacea* ana mmoja mdogo au hana. Tatu, miguu yote ya *serrata*, pamoja na ile ya kuogelea, ina michoro kama wavu. Rangi peke yake isikudanganye: kaa wa tope jeusi huwa mweusi, wa maji ya wazi huwa kijani.

Anaishi vipi huko mikokoni?

Mchana mwingi amejificha, shimoni au amejifukia topeni macho tu yakiwa nje. Usiku anatoka. Maji yakijaa huingia nayo ndani ya msitu wa mikoko kutafuta chakula, na yakikupwa wakubwa hurudi kwenye mkondo au shimoni. Wadogo ndio wanaobaki ndani kabisa, kwenye mizizi ya mkoko na mchu, ambako samaki wakubwa hawafiki. Wavuvi wa kaa wanaijua ratiba hii kuliko mwanasayansi yeyote. Huhesabu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huingia na fimbo yenye ndoana ya chuma, wakamvuta kaa shimoni kwa ustadi unaotaka miaka kuupata. Wengine hutega madema.

Chakula chake kikubwa ni viumbe wasiokimbia mbali: konokono, chaza na jamii yake, kaa wadogo. Gando moja, mara nyingi la kulia, ni nene na la kupondea. Jingine ni jembamba na la kukatia. Samaki mzima hamkamati kwa urahisi, ila mzoga haukatai. Na mwenzake aliyetoka kuvua gamba, akiwa bado laini, ni mlo pia. Kaa hawa wanalana, na wanaowafuga hujifunza hilo usiku wa kwanza.

Yeye naye huliwa na papa, taa, samaki wakubwa, ndege wa majini akiwa mdogo, na binadamu kuliko wote.

Kwa nini anavua gamba?

Kwa sababu gamba halikui. Mwili ukijaa, kaa hufungua gamba kwa nyuma, hutoka kinyumenyume akiwa laini, hunywa maji avimbe, na gamba jipya hukauka likiwa kubwa zaidi. Gando lililokatika huanza upya kwa njia hiyohiyo, dogo kwanza, likikua kila anapovua.

Anazaana vipi? Hapa ndipo watu wengi hukosea.

Ndiyo, na ndipo lilipo jibu la nusu ya maswali mengine yaliyo kwenye ukurasa huu.

Dume humpata jike anayekaribia kuvua gamba, humkumbatia kwa chini na kumbeba kwa siku kadhaa. Jike anapovua na kuwa laini, wanapandana, kisha dume huendelea kumlinda hadi gamba ligumu. Jike huzihifadhi mbegu mwilini. Anaweza kuzitumia baadaye sana, dume akiwa amekwenda zake.

Kisha jike huacha mikoko. Hushuka na mkondo, hutoka mlangoni mwa mto, huelekea bahari kuu. Huko Australia majike wenye mayai wamenaswa na meli za nyavu makumi ya kilomita kutoka ufukweni. Mayai huyabeba chini ya tumbo, mamilioni kwa mamilioni, yakianza na rangi ya machungwa na kuwa meusi yanapokaribia kuanguliwa.

Kinachotoka ndani ya yai hakifanani na kaa. Ni lava, yaani mtoto ambaye bado hana umbo la mzazi, mdogo anayeelea, aitwaye zoea, mwenye mwiba mrefu kichwani, anayekula vijidudu vya baharini. Hupitia hatua tano za zoea, halafu moja iitwayo megalopa, ambayo ina magando lakini bado ina mkia ulionyooka. Safari hiyo huchukua kama wiki tatu au nne, kutegemea joto la maji. Megalopa ndiye anayerudi na maji ya kujaa kuelekea pwani, huvua gamba na kuwa kaa mdogo wa milimita chache, na kuingia mikokoni. Wengi mno hufia njiani, ndiyo maana mayai ni mengi hivyo.

Zoea wanahitaji maji ya bahari hasa. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Chumvi ikishuka chini ya nusu ya hapo, lava wanakufa kwa wingi. Kaa mkubwa, kinyume chake, ana uwezo wa kurekebisha chumvi ya mwili wake na hustahimili maji yaliyochanganyika sana ya milango ya mito. Watu wakimwona mkubwa amepanda mtoni, hudhani kaa huyu ni wa maji baridi. Mzazi anaweza kuvumilia. Watoto hawawezi.

Nina bwawa la ngege huku Mukono. Naweza kumfuga kaa koko?

Ukiniruhusu niseme wazi, ssebo: hapana, na usimlipe mtu anayekuahidi "mbegu".

Maji ya mabwawa yetu yana chumvi kidogo mno. Kaa mkubwa aliyeletwa kutoka pwani anaweza kukaa hai kwa muda, lakini anatumia nguvu zake zote kupigana na maji yanayomwingia, na wakati wa kuvua gamba ndipo wengi hufa. Hata wakiishi, hawatakupa kizazi cha pili. Kila kaa itabidi umnunue upya kutoka zaidi ya kilomita elfu moja.

Tena kinachoitwa ufugaji wa kaa pwani, kwa sehemu kubwa, ni unenepeshaji. Mvuvi hupata kaa aliyevua gamba karibuni, gamba kubwa lakini ndani maji matupu. Humweka kwenye kizimba mikokoni, kila mmoja chumba chake wasilane, humlisha mabaki ya samaki kwa wiki kadhaa, kisha humuuza akiwa amejaa. Dabaso, kando ya Mida Creek karibu na Watamu, ni mahali panapojulikana kwa kazi hii. Vituo vya kuangulia mbegu vipo Asia, Vietnam hasa, lakini ni kazi ngumu yenye maji ya bahari yaliyosafishwa, chakula hai cha lava, na vifo vingi.

Kuna na suala la mnyama mgeni. Nchi hii haihitaji kukumbushwa yaliyofuata baada ya mputa (sangara) kuwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960: biashara kubwa, ndiyo, na pia kupotea kwa samaki wadogo wengi ambao hawakuwepo popote pengine duniani. Kaa koko hawezi kujieneza ziwani, kwa sababu zilezile za lava, lakini magonjwa anayokuja nayo si lazima yawe na mipaka hiyo. Kuingiza mnyama wa majini bila kibali cha serikali ni kosa.

Je, nikitia chumvi kwenye tangi?

Chumvi ya jikoni si bahari. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu na potasiamu kwa uwiano wake, na kaa anavihitaji, kalsiamu hasa, kwa ajili ya gamba. Kuna unga maalumu wa kutengenezea maji ya bahari unaotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo. Utakufaa kwa kaa wawili wa maonyesho ya shule. Kwa biashara, fanya hesabu ya lita kwanza, nadhani utaacha.

Na Ziwa Katwe? Si lina chumvi?

Lina chumvi kupita kiasi, mara nyingi kuliko bahari, ndiyo maana watu wa Kasese wanaichimba. Tena ni chumvi ya namna nyingine: sodiamu pamoja na kaboneti, salfeti na kloridi, maji makali kama magadi. Kalsiamu na magnesiamu hukosekana katika maji ya aina hiyo. Kaa koko angekufa haraka.

Wale wa Ziwa Bunyonyi wanaouzwa hotelini ni kaa?

Si kaa. Ni kamba wa maji baridi, *Procambarus clarkii*, mwenye asili ya kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, aliyeletwa na watu. Ana magando, lakini mkia wake ni mrefu na umenyooka. Ni oda moja na kaa, Decapoda, tawi tofauti.

Huyu ni mfano mzuri wa nilichokieleza juu. Kamba huyu hana lava wa kuelea baharini. Mayai huanguliwa chini ya mkia wa mama na kutoa kamba wadogo waliokamilika. Kwa hiyo ziwa lolote lenye chakula linamtosha. Kwenye Ziwa Naivasha, Kenya, aliwekwa mwaka 1970 na akabadilisha mimea ya ziwa lile. Mgeni wa kuogopwa ni huyu anayezaa kimyakimya, si yule mwenye magando makubwa.

Kaa wetu wa mtoni naye anazaaje?

Kama kamba huyo. Jike hutaga mayai machache, makubwa, kwa mamia badala ya mamilioni, akayabeba chini ya tumbo. Hatua zote za lava hupita ndani ya yai. Anayetoka ni kaa mdogo kamili, naye hubaki chini ya mama kwa muda kabla ya kwenda zake. Hivyo ndivyo familia yake ilivyojitenga na bahari kabisa. Na kwa kuwa watoto hawaelei mbali, kaa wa bonde moja hubaki bonde hilo, na baada ya muda mrefu huwa spishi ya peke yake. Hiyo ndiyo sababu milima yetu ina majina mengi ya *Potamonautes*, wakati kaa koko mmoja ameenea bahari mbili.

Ni kweli kaa wa mtoni huleta upofu?

Kaa mwenyewe haambukizi mtu. Lakini habari hii haikuzuka hewani.

Upofu wa mito, onkosekiasisi, husababishwa na mnyoo anayesambazwa na inzi weusi wadogo wa jenasi *Simulium*. Inzi hawa hutaga kwenye maji yanayokwenda kasi, na viluwiluwi vyao kwa kawaida hushika mawe na majani. Kwa spishi moja, *Simulium neavei*, wataalamu walitafuta miaka mingi bila kuona kiluwiluwi hata kimoja, na huku inzi wazima wakiuma watu. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza kutoka Kenya walikovikuta: vimebebwa na kaa wa mtoni, vimeng'ang'ania gamba na miguu. Kaa haumii. Ni usafiri na makao tu.

Uganda imefaidika sana na ugunduzi huo. Inzi huyu ndiye aliyesambaza ugonjwa Mlima Elgon, msitu wa Itwara na maeneo kadhaa ya magharibi. Tangu serikali ilipoanza sera ya kuutokomeza ugonjwa mwaka 2007, kazi imekuwa ya namna mbili: watu kupewa dawa ya ivermectin mara mbili kwa mwaka, na mito kutiwa dawa ya kuua viluwiluwi. Inzi akitoweka, mtu atajuaje? Wafanyakazi wa afya hutega kaa. Huwageuza mmoja mmoja, humtazama kama ana viluwiluwi, kisha humrudisha majini. Kaa safi, msimu baada ya msimu, ni ushahidi kwamba inzi ameondoka. Maambukizi Elgon na Itwara yamekatizwa, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye magamba ya kaa.

Kwa hiyo mtoto akikamata kaa mtoni, hana hatari ya upofu kutoka kwa kaa. Wala kuua kaa si kinga. Mito bila kaa inapoteza msafishaji wake na chakula cha fisi maji.

Fisi maji anakula kaa?

Sana. Kinyesi chake kando ya kijito huwa kimejaa vipande vya gamba. Nguchiro wa maji naye ni hivyohivyo.

Kula kaa wa mtoni ni salama?

Akipikwa akaiva kabisa, ndiyo, kama mto hauna uchafu wa viwanda au dawa za mashamba. Mbichi au nusu mbichi, hapana: kaa wa maji baridi katika nchi kadhaa za Afrika, Kameruni na Nigeria zikiwemo, hubeba minyoo ya mapafu ya jenasi *Paragonimus*, na dalili zake, kukohoa damu, hudhaniwa kifua kikuu. Nyama yenyewe ni kidogo. Wavuvi wetu wengi humwona wa kuwekwa kwenye ndoana tu, na sina hoja ya kuwapinga.

Ni halali?

Mwulize shehe wako, maana madhehebu yanatofautiana: wengi wa Kishafii wanamkataza kaa, na Kihanafi kinaruhusu samaki tu. Wasabato hawamli, kwa kufuata Walawi 11.

Nikikuta kaa koko Kampala, nitajuaje kama anafaa?

Anunuliwe hai au aliyegandishwa vizuri. Aliyekufa bila barafu huharibika ndani ya saa chache. Kaa hai, akikaa kivulini na unyevu, huvumilia siku kadhaa nje ya maji. Ndiyo maana husafirishwa amefungwa magando kwa kamba. Mbonyeze chini ya tumbo, karibu na miguu: pakibonyea, ametoka kuvua gamba na utalipia maji. Mwepesi kuliko ukubwa wake, mwache.

Dume ana mkia mwembamba wa pembetatu uliokunjwa chini ya tumbo. Jike aliyekomaa ana mpana wa mviringo. Dume ana gando kubwa zaidi, jike mara nyingi ana mayai ya ndani ambayo wapishi wanayapenda. Jike mwenye mayai ya nje mwache pia, hata akiuzwa rahisi. Jimbo la Queensland, Australia, limepiga marufuku kuchukua jike yeyote, na dume lazima afike sentimita 15. Huko wanaona si ukali.

Mikoko ikikatwa, kaa anaathirika vipi?

Watoto ndio wanaokosa pa kujificha. Mkubwa anaweza kuhamia mkondo mwingine. Kaa wa sentimita mbili hawezi. Na si shoka tu linaloua mikoko: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga udongo mwingi Mwache, karibu na Mombasa, mizizi ikafunikwa na miti ikafa. Watu huuliza kama mafunjo yetu ya Ziwa Victoria si mikoko ya aina yake. Yanasaidia samaki wadogo kwa njia inayofanana, lakini hayana maji ya chumvi, wala kaa koko.

Mimi ni mwanafunzi. Naweza kusoma kaa bila kwenda pwani?

Unaweza, na ningekushauri uanze hapa. Chagua kijito chenye mawe kilicho karibu. Weka mtego wa kikapu wenye chambo cha nyama au samaki jioni, ukautazame asubuhi. Kwa kila kaa andika upana wa gamba pale palipo papana zaidi, jinsia kwa umbo la mkia, ukubwa wa kila gando, kina cha maji na aina ya chini: mawe, mchanga au tope. Piga picha ya mgongo, ya uso kwa mbele na ya tumbo, kwa sababu spishi za *Potamonautes* hutambuliwa kwa mistari ya gamba na umbo la viungo vya uzazi vya dume, si kwa rangi. Kaa mrudishe ulipomtoa, chini ya jiwe lilelile. Ukitaka kubaki na sampuli, au kijito kikiwa ndani ya hifadhi kama Elgon au Rwenzori, omba kwanza kibali cha Uganda Wildlife Authority, na utafiti usajiliwe na Uganda National Council for Science and Technology.